Prosesa ya C Plain

Mwaka 2016 ulinipata Nyamache nikiwa na vitu vitatu: C plain ya KCSE, simu yenye kioo kilichopasuka, na ufunguo wa saiba ya mjomba wangu. Cha kwanza ndicho kilichofanya nipewe cha tatu. Kama ulifanya mtihani Kenya, hesabu yake unaijua. Ukipata C plus, mlango wa digrii uko wazi. Ukipata C plain, unasimama nje ukiwahesabu wenzako wakiingia.

Nyumbani kulikuwa na kambi mbili. Tata alitaka nirudie Form Four. Mama, ambaye kwa Ekegusii tunamwita baba (jambo ambalo huwachanganya sana marafiki zangu wa Nairobi wakinisikia kwenye simu), alitaka nitafute diploma haraka kabla sijazoea kukaa. Mjomba, ndugu yake mama, ndiye aliyemaliza ubishi. "Wacha akae kwangu saiba akifikiria," akasema. "Kufikiria hakulipiwi karo."

Saiba yenyewe ilikuwa chumba kimoja kilichobanwa kati ya agrovet na kibanda cha M-Pesa. Kompyuta tatu, printa moja, mashine ya fotokopi, na benchi la mbao nje. Anko alizinunua kompyuta hizo mwishoni mwa 2011, kwa bonasi ya majani chai. Kwetu bonasi ya Oktoba ndiyo hujenga nyumba, hulipa karo na huleta ng'ombe. Ya mwaka ule ilileta kompyuta, na mke wake hakumsemesha kwa wiki moja.

Zilikuwa ex-UK. Maana yake zilifanya kazi miaka kadhaa kwenye ofisi fulani Ulaya, zikatolewa zote kwa pamoja, zikapakiwa kwenye kontena, zikashuka Mombasa, zikauzwa upya Nairobi. Ubavuni bado zilikuwa na stika za huko zilikotoka, zenye nambari ya chumba na nambari ya mali. Njia hiyo imewafundisha Wakenya wengi kompyuta kuliko tunavyokiri. Computers for Schools Kenya, iliyoanza 2002, ilijaza maabara za shule kwa mashine za namna hii hii. Majirani zetu waliliona jambo hilo kwa jicho jingine: mwaka 2009 Uganda ilitangaza kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta zilizotumika, kwa hofu ya kugeuzwa jaa la vyuma vya wengine. Hofu yenyewe haikuwa ya bure. Lakini mimi niliijua kipanya kwa mara ya kwanza kwenye kompyuta ya mtumba, na pengine wewe pia.

Mwaka 2011 mashine za Anko zilitosha kabisa. Kazi ya saiba ilikuwa kutaipu: barua za kuomba kazi, mitihani ya shule za msingi, programu za mazishi zenye picha ya marehemu katikati. Nyaya za SEACOM na TEAMS zilikuwa zimefika Mombasa mwaka 2009, na intaneti ilikuwa ikipanda milima polepole kuja kwetu, lakini bado ilikuwa kitu cha kuangalia imeili na Facebook.

Kisha serikali ikahamia mtandaoni. Nafasi za vyuo zikawa za kuombwa kupitia KUCCPS. eCitizen ikazinduliwa 2014. Ushuru ukaingia iTax. Kila huduma iliyoacha karatasi ilimsukuma mtu mmoja zaidi kwenye benchi la Anko. Wakati huo huo programu zenyewe zilikuwa zikinenepa. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP Aprili 2014. Aprili 2016 Google nayo ikaacha kutoa Chrome mpya kwa XP. Anko, aliyekuwa amekataa katakata kuigusa XP yake, akalazimika kuniruhusu niweke Windows 7. Nikaweka. Siku ya pili akanitazama kama mtu aliyeuziwa ng'ombe mgonjwa.

"Hii umeifanya nini? Ilikuwa inatembea. Sasa inatambaa."

Sikuwa nimeiharibu. Ndani ya kila mashine kulikuwa na prosesa iitwayo Pentium Dual-Core E2160, ya mwaka 2007, mwendo wa gigahezi 1.8. Ilikuwa prosesa ya bei ya chini hata ilipokuwa mpya. Haikuwa imebadilika chochote tangu 2011. Kazi ndiyo iliyobadilika.

Na kazi nzito kuliko zote ilikuwa inakuja Juni 30.

Kama wewe ni kijana wa kufaili nil return kwenye simu ndani ya matatu, huenda hujui mwalimu alipitia nini mwaka ule. Mtu mwenye mshahara alikuwa anapakua fomu ya Excel kutoka iTax. Fomu yenyewe ilikuwa na programu ndogo ndani yake. Unajaza takwimu kutoka kwenye P9, karatasi kwa karatasi, halafu unabonyeza kitufe cha kuhakiki na unasubiri. Ikikubali, inakutengenezea faili la zip ambalo unalipandisha mtandaoni. Ikikataa, inakuonyesha makosa na unaanza tena. Kwenye mashine zetu, kusubiri huko kulitosha mtu kwenda kunywa chai akarudi. Katikati ya Juni tayari walimu walikuwa wamejaa kwenye benchi, P9 zimekunjwa mfukoni, na wengine walishaanza kuondoka kwenda mjini Kisii.

Kila aliyeondoka aliondoka na pesa ya Anko. Kununua kompyuta nyingine ex-UK kungetaka zaidi ya shilingi 10,000 kwa moja, na bonasi ilikuwa miezi minne mbele. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba nimesikia kuna njia ya kununua prosesa ya bei rahisi na kuifanya ikimbie kuliko ilivyoandikwa.

"Ilivyoandikwa na nani?" Anko akauliza.

Lilikuwa swali zuri kuliko alivyojua, na jibu lake lina historia.

Moyo wa kompyuta hupiga kwa saa, na saa hiyo ina mapigo ya kuhesabika. Mwaka 1984 IBM ilitoa kompyuta iitwayo PC AT. Prosesa yake, Intel 80286, ilikimbia megahezi 6, na kasi hiyo ilitokana na kipande kidogo cha fuwele kilichotikisika kwa megahezi 12. Kipande hicho kilikuwa kimechomekwa tu. Watu wakagundua kwamba ukikitoa na kuchomeka cha megahezi 16, kompyuta ile ile inakimbia 8. Chip haikulalamika. IBM ndiyo iliyolalamika: matoleo yaliyofuata yaliwekewa ukaguzi ndani ya BIOS, mashine ikiwaka inajipima mwendo, na ikikuta kasi isiyo yake inagoma.

Hapo ukafunguka ukweli ambao wauzaji wangependa ubaki kiwandani. Prosesa hutoka kwenye kisahani kimoja cha silikoni, mamia kwa wakati, kama mandazi kwenye karai moja. Hazitoki sawa. Hupimwa, kisha hupewa cheo: hii 1.8, hii 2.2, hii 2.6. Lakini soko nalo lina maoni yake. Wanunuzi wengi wanataka ya bei rahisi, kwa hiyo kiwanda kikitoa nzuri nyingi kuliko wanunuzi wa bei ghali, nyingine nzuri hupewa cheo cha chini ili nafasi ya rafuni ijazwe. Mwaka 1991 Intel ilitoa 486SX, iliyokuwa nafuu kuliko 486DX. Nyingi za mwanzo zilikuwa DX hizo hizo, sehemu moja ya hesabu ikiwa imezimwa.

Halafu ukaja Agosti 1998, mwezi ambao mafundi wa kompyuta huuzungumzia kama wazee wanavyozungumzia mechi ya zamani. Siku moja Intel ilitoa Pentium II ya megahezi 450 kwa dola 669, na Celeron 300A ya megahezi 300 kwa dola 149. Celeron ilikuwa imeambiwa itumie njia ya megahezi 66 kuongea na kompyuta. Ukiiambia itumie njia ya 100, inapanda hadi 450. Nyingi zilikubali bila shida. Kwenye kompyuta zisizo na sehemu ya kubadilisha njia hiyo, watu walifunika mguso mmoja wa prosesa kwa seloteipu au rangi ya kucha, na kompyuta ikadanganyika. Mwanafunzi mwenye dola 149 na kipande cha seloteipu akawa anakimbia na mwenye dola 669.

Mchezo huo ndio unaoitwa ovakloki. Ulikuwa na ndugu yake mwovu pia. Katika miaka ya tisini kulikuwa na matapeli waliofuta maandishi juu ya prosesa, wakaandika namba kubwa zaidi, wakaziuza kwa bei ya namba hiyo. Ni moja ya sababu Intel ilianza kufunga kizidishi, ile namba ya ndani inayoamua mwendo. Ovakloki anajua alichonunua na anajihatarisha mwenyewe. Tapeli anakuhatarisha wewe. Nilipokuwa nasoma habari hizo pale saiba, usiku, sikuweza kuacha kuwaza mtihani wetu wa 2015, uliovuja kiasi kwamba Machi 2016 bodi ya Baraza la Mitihani ilivunjwa. Maandishi ya juu ni kitu kimoja. Kilicho ndani ni kingine.

Mlango ulianza kufungwa taratibu. Mwaka 2010 Intel ilijaribu kuuza kadi ya dola 50 yenye kodi: una kompyuta yenye prosesa fulani ya Pentium, unaingiza kodi, na sehemu iliyokuwa imezimwa ndani yake inawashwa. Kama unavyokwaruza kadi ya simu, isipokuwa kredo yenyewe tayari iko ndani ya simu yako na ulishailipia. Watu walikasirika, na mpango huo ukafa mwaka uliofuata. Januari 2011 ikaja familia mpya ya prosesa za Intel ambazo saa zake zote zilifungwa pamoja, ukigusa moja umegusa zote. Tangu hapo, ukitaka kuiongezea Intel mwendo wa maana, kwa kawaida ulinunua ile yenye herufi K mwishoni, ambayo ni ya ghali. Uhuru wa maskini ukawa bidhaa ya tajiri.

Lakini sisi Nyamache tulikuwa tunaishi 2007. Mashine za Anko zilikuwa za kabla ya kufuli. Kwa wenye pesa mlango ulifungwa 2011, ila mtumba wetu ulikuwa umekuja na mlango wake, bado uko wazi, na hakuna aliyeona haja ya kuufunga kwa sababu hakuna aliyedhani kuna mtu atapita.

Basi nikachukua matatu kwenda mjini Kisii kwa fundi mmoja aliyekuwa na mkebe wa Blue Band uliojaa prosesa kuukuu, alizozitoa kwenye kompyuta zilizokufa. Nilikuwa na shilingi 1,500 za Anko na karatasi ya hesabu.

Hesabu yenyewe ni rahisi, na ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Mwendo wa prosesa hizo ni namba mbili zikizidishwa: kasi ya basi, ile njia inayobeba data kati ya prosesa na kompyuta nzima, mara kizidishi cha prosesa. E2160 yetu ilikuwa 200 mara 9, yaani 1,800. Kizidishi hakipandi, kimefungwa. Kilichobaki ni basi. Na ubao mama, mathabodi kama tulivyozoea kuita, ulikuwa ubao wa ofisi: BIOS yake haikuwa na sehemu yoyote ya kubadilisha kasi. Ila ulijua mabasi mawili, la 200 na la 266. Ungetumia lipi? Ulichagua kwa kuiuliza prosesa yenyewe. Kuna vidoti vya dhahabu chini ya prosesa ambavyo kazi yake ni kusema tu: mimi ni wa 200, au mimi ni wa 266.

Ukishaelewa hivyo, bei za kwenye mkebe zinapinduka. Fundi alinisukumia Core 2 Quad Q6600, yenye vichwa vinne, kwa 3,500. Ni chip ya sifa, lakini tayari ni ya basi la 266, ubao wetu hauna la juu zaidi, na joto lake lingeikaanga kompyuta nyembamba ya ofisi. Akanipa Core 2 Duo E6600 kwa 1,500. Nzuri, ila nayo ni ya 266: 266 mara 9, gigahezi 2.4, na hapo ndipo ilipofikia. Mpya zaidi, kama E8400, zilitaka basi la 333, na ubao wetu usingezitambua.

Halafu chini kabisa ya mkebe, ambako hakuna aliyekuwa anachimba, kulikuwa na Core 2 Duo E4500. Ya 2007, basi la 200, kizidishi 11. Gigahezi 2.2 kwenye karatasi. Ilikuwa dhaifu kwa sababu moja tu: ilikuwa imeambiwa ipande basi la polepole. Ukiibadilishia basi, 266 mara 11, unapata 2.93. Ya bei ya chini ndiyo iliyokuwa na nafasi kubwa ya kupanda.

"Hizo?" fundi akasema. "Hizo chukua mbili kwa 1,200."

Nikachukua mbili. Pesa iliyobaki ilinunua pesti ya kupozea na nauli ya kurudi.

Ili kuibadilishia prosesa hiyo basi, unatakiwa kuunganisha vidoti viwili vilivyo jirani, ili kile kinachosema "200" kishushwe na kisikike kama "266". Nilitumia kipande cha foili kutoka paketi ya sigara, nimekibandua karatasi yake, nikakikata kwa wembe kikawa chembamba kuliko punje ya wimbi, nikakishikilia kwa seloteipu pembezoni. Nilikata vipande kumi na kitu kabla ya kupata kimoja kilichokaa. Ukikosea doti, unaweza kuunganisha umeme usiotakiwa kuungana, na hiyo ndiyo kwaheri. Sisemi haya ili ukajaribu. Nasema ili ujue kwamba mkono wangu ulikuwa unatetemeka, na Anko alikuwa ameshika tochi na hasemi kitu, jambo ambalo kwake ni nadra.

Ilikuwa usiku. Juni usiku Nyamache ni baridi ya kuvaa sweta mbili, na nilikuwa nimesoma kwamba baridi ni rafiki wa kazi hii. Sikuwa naongeza umeme, naongeza mwendo tu, lakini theluthi moja ya mwendo zaidi ni joto zaidi vilevile, na joto ndilo linaloangusha.

Nikabonyeza. Feni ikazunguka. Skrini ikakaa nyeusi muda ambao hadi leo siwezi kuukadiria. Kisha herufi nyeupe zikatokea, na kwenye mstari mmoja kukaandikwa 2.93GHz.

"Imesema nini?" Anko akauliza.

"Imesema ni ya laki."

Hakuelewa, lakini alicheka.

Nikaiachia Prime95 usiku kucha. Hiyo ni programu ya kutafuta namba tasa kubwa, na kwa kuwa inajua majibu inayotarajia njiani, wa-ovakloki huitumia kama mtihani: chip ikichoka inakosea hesabu, na programu inasimama. Asubuhi ilikuwa bado inahesabu. Tukafungua fomu ya ushuru ya mwalimu mmoja, nikabonyeza kuhakiki. Aliyekuwa amezoea kwenda chai hakupata hata muda wa kusimama.

Usiku uliofuata nikafanya ya pili. Prosesa ile ile, jina lile lile, mkebe ule ule, foili ile ile. Ikawaka. 2.93. Nikafurahi mapema. Dakika arobaini ndani ya Prime95, kosa. Nikasafisha pesti, nikapaka upya, nikajaribu tena. Kosa. Nikafungua dirisha baridi iingie. Ikavumilia saa moja na nusu, kisha kosa. Nilikaa nayo hadi alfajiri kama mtu anayembembeleza mtoto ale.

Nilichukia chip ile kuliko nilivyostahili. Ninajua sasa kwa nini. Tangu Machi nilikuwa nimejijengea hadithi kichwani: kwamba C plain yangu ni stika tu, kwamba ndani yangu kuna C plus au hata zaidi, nikisubiri mtu wa kunibadilishia basi. Prosesa ya kwanza iliniunga mkono. Ya pili ilikuwa inaniambia kwamba wakati mwingine stika inasema kweli.

Anko alinikuta asubuhi mashine iko wazi, macho mekundu.

"Hiyo imekataa?"

"Inakosea hesabu, Anko. Haiwezi ile kasi."

"Na ile yake ya kawaida?"

"Ile inaiweza."

"Sasa unailaumu nini? Toa hiyo foili iache ifanye kazi. Kuna mtu anakuja kutaipu barua, hahitaji ikimbie."

Nikatoa foili. Ikakimbia gigahezi 2.2, sawasawa na ilivyoandikwa, na hata hivyo ilikuwa bora kuliko ile E2160 iliyokuwepo. Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho historia yote niliyokuwa nimeisoma ilikuwa imekisema na mimi nikakiruka. Namba iliyoandikwa juu ya prosesa ni ahadi ya chini kabisa: kiwanda kinaapa kwamba hii, kwenye joto la Mombasa, kwenye umeme mbovu, miaka mingi baadaye, haitakosea hesabu kwa mwendo huu. Hakijasema chochote kuhusu mwendo wa juu. Hilo hulijui hadi ujaribu, na ukijaribu unaweza kupata jibu usilolitaka. Zile mbili zilikuwa na cheo kimoja. Zilikuwa chip mbili tofauti.

Juni 30 tulifunga saiba karibu saa sita usiku. Sitakudanganya kwamba foili ya sigara iliokoa Nyamache: mtandao wenyewe ulikuwa umeelemewa, na watu wengi walikaa wakiangalia duara likizunguka kwenye mashine ya haraka na ya polepole vilevile. Lakini mchana kutwa, kabla ya msongamano, mashine ile moja ilihudumia watu kuliko mbili zilizobaki zikiwekwa pamoja. Anko alihesabu pesa mara mbili, akanipa mia tano, kisha akaongeza mia mbili.

Julai niliwaambia tata na mama kwamba sirudii Form Four. Naenda chuo cha ufundi, diploma ya teknolojia ya kompyuta. Tata alinyamaza, akauliza karo ni pesa ngapi, na huo ndio ulikuwa ukubali wake. Ningependa kusema niliamua kwa sababu ya prosesa. Ukweli ni kwamba niliamua kwa sababu nilikuwa nimekaa usiku mzima nikifanya kitu bila kuangalia saa, na sikuwa nimewahi kufanya hivyo na somo lolote la Form Four.

Mchezo ule umeendelea kubadilika. AMD iliporudi na Ryzen mwaka 2017, iliacha vizidishi vyake wazi. Siku hizi prosesa nyingi hujiongezea mwendo zenyewe, zinapima joto lao na kupanda hadi pale zinapoweza. Zimejifunza kufanya bila ruhusa kile tulichokuwa tunafanya kwa wembe na foili, kwa hiyo nafasi iliyobaki ya kuiba ni ndogo. Sina huzuni nalo. Ila nafikiri kuna kitu kijana anakosa akikuta kila kitu kimeshapimwa na kubanwa mpaka mwisho.

Mwaka 2018 radi ilipiga. Ukiwa Gusii unajua radi zetu hazina mchezo. Ilipita kwenye nyaya za stima, ikaua ubao mama wa kompyuta ya foili. Mimi nilikuwa tayari Nairobi. Anko akaita kijana mwingine, akaipima prosesa, akaikuta nzima. Akaipangusa, akatoa ule uchafu wa seloteipu bila kujua ni nini, akaichomeka kwenye mashine ya tatu iliyokuwa bado na E2160.

Nilipoenda Desemba niliikuta hapo, inakimbia 2.2. Nikamwambia Anko naweza kuirudisha kwenye 2.93 kwa dakika kumi, nikipata tu paketi ya sigara.

Akaangalia benchi. Kulikuwa na mama mmoja anayesubiri kuchapishiwa programu ya mazishi.

"Iache," akasema. "Wewe unaijua. Inatosha."